Barua kwa mwanangu: anza na do, fa na so

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani wote hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusikiliza, nikaurudia. Unasema umenunua kinanda na mwalimu umempata, ila anataka usome kwanza nota kwenye mistari mitano, miezi kadhaa, ndipo akuruhusu kugusa wimbo. Mwenzako kazini naye anakuambia achana na nota, kodi nne (zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinatosha. Unaniuliza umsikilize nani, na kama umri wako bado unaruhusu.

La umri nalimaliza haraka: unaruhusu. Watu wazima waliojifunza nimewaona kwenye kwaya nyingi. Wanaoshindwa hawashindwi na vidole, wanashindwa na nafasi. Kinanda kinakaa kabatini, kukitoa ni kazi, basi siku zinapita. Kiweke sebuleni juu ya stendi yake, waya umechomekwa, kiti kimesogezwa. Ukirudi kazini keti robo saa. Robo saa ya kila siku inazidi saa tatu za Jumamosi.

La pili: anza na kodi. Nasema hivyo kwa sababu najua unachokitaka. Unataka mapambio, unataka zilipendwa za baba yako, na hizi za vijana unazoimba ukipika. Nyimbo hizo wapigaji wetu wengi huzipiga kwa sikio. Wanajua wimbo uko ki gani, yaani do yake inakaa kwenye kitufe kipi, na kodi zake zinafuatanaje, wanaingia. Mwalimu wako hajakosea. Siku ukitaka kupiga kazi za Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, au kusoma sauti zote nne za tenzi kama zilivyoandikwa, nota hazikwepeki, na nitafurahi mno ukifika huko. Lakini mtu anayetaka kuimba, ukimnyima wimbo miezi mingi, ataacha. Mwombe akufundishe kodi sasa na nota kidogo kidogo pembeni. (Taarab ya asili ya Unguja iache kwa sasa. Ile inatembea kwa makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti za namna yake, na udi, ganuni na fidla ndizo zinazoibeba. Kodi peke yake haitakufikisha.)

Tena wewe una mtaji mkubwa ambao naona umeusahau. Umekulia kwaya. Unaimba do re mi fa so la ti bila kufikiri. Solfa hii ilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakaja nayo, na hadi leo kwaya nyingi za kwetu zinajifunzia nyimbo mpya kwa hiyo. Sasa sikiliza: kodi ni solfa ileile, ila sauti tatu zinalia kwa pamoja. Unashika moja, unaruka moja, unashika nyingine. Do, mi, so: hiyo ni kodi ya do. Fa, la, do: kodi ya fa. So, ti, re: kodi ya so.

Ziangalie hizo tatu vizuri. Sauti zote saba za solfa zimo ndani yake, hakuna iliyobaki nje. Ndiyo maana wimbo ukitulia kwenye sauti yoyote, mojawapo ya kodi hizo itaipokea, na ndiyo maana mapambio mengi sana yanapigika kwa kodi tatu tu. Hata sebene refu la kucheza mara nyingi linazunguka hapohapo. Ya nne aliyokutajia mwenzako ni ya la: la, do, mi. Hiyo ni maina, ina huzuni kidogo, na nyimbo za siku hizi zinaipenda. Piga do, so, la, fa, kisha rudia mzunguko. Utashangaa ni nyimbo ngapi za redioni zitakujia kichwani.

Kwenye kinanda, tafuta vitufe vyeusi. Vimepangwa viwiliviwili na vitatuvitatu. Cheupe kilicho kushoto ya viwili ndicho C. Vyeupe vinavyofuata kwenda kulia ni D, E, F, G, A, B, kisha C tena. Chukua C ya katikati, iwe do yako. Kodi ya C ni C, E, G: dole gumba, kidole cha kati, kidole cha mwisho. F ni F, A, C. G ni G, B, D. A maina ni A, C, E. Zote ni vitufe vyeupe vitupu. Ukitaka kujua meja, yaani kodi isiyo na ile huzuni, kama C, F na G, inajengwaje popote pale, hesabu kila kitufe, cheusi na cheupe: kutoka sauti ya chini panda hatua 4, halafu hatua 3. Maina ni kinyume chake, 3 kisha 4. Kwa kanuni hiyo unaweza kujitafutia kodi yoyote bila kuniuliza.

Hapa sasa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wanazijua kodi, lakini kila zinapobadilika mkono mzima unaruka kutoka huku hadi kule, macho yanauwinda, mdundo unakatika, wimbo unakufa. Usiruke. Shika C, E, G. Unapokwenda F, dole gumba libaki palepale kwenye C. E inapanda F, G inapanda A. Umepata C, F, A, ambayo ni kodi ya F ileile, imepangwa upya tu. Rudi C. Sasa nenda G: kidole cha mwisho kibaki kwenye G, dole gumba lishuke B, kidole cha shahada kishike D. Umepata B, D, G. Kwa A maina, C na E zinabaki, G peke yake inapanda A. Umeona? Mkono haujahama nyumba. Kila unapotoka C au kurudi C kuna sauti inayobaki, na nyingine zinasogea kwa jirani, kama wewe ulivyokuwa ukiimba sauti ya pili: wimbo unabadilika, wewe unasogea hatua moja au unakaa.

Fanya mabadiliko hayo polepole mno, mapigo 60 kwa dakika, kodi moja mapigo manne. Kinanda chako lazima kina ngoma ndani yake. Washa ngoma, lakini zima ile besi na kodi zinazojipiga zenyewe, maana zikikufanyia kazi vidole vyako havitajifunza. Na ukikosea kitufe, endelea. Usirudi nyuma kukirekebisha. Waimbaji wanakusamehe kitufe kibaya, wala wengi hawatakisikia. Ukisimama, wote wanaanguka na wewe. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika hapa.

Mkono wa kushoto usiupe makubwa. Piga sauti moja tu, ile yenye jina la kodi, chini huku kwenye besi: kodi ya C piga C, kodi ya F piga F. Usishike sauti tatu huko chini, zitanguruma tu, maneno ya wimbo yasisikike. Mikono ikishazoeana, kushoto iguse pigo la kwanza, kulia iitikie yanayofuata. Hapo tayari watu wanaweza kuimba juu yako.

Zoezi la kwanza nakupa la siku ya kuzaliwa, ule wimbo tunaouimba wakati wa kukata keki, kwa sababu unaujua na kodi zake ni hizohizo tatu. Una mapigo matatu, siyo manne, na unaanzia so: so so la so do ti. Zile so mbili za mwanzo ziimbe bila kodi. Kwenye la piga C. Unapotua kwenye ti piga G. Mstari wa pili, so so la so re do: kwenye la bado ni G, unapotua kwenye do unarudi C. Wa tatu unapanda hadi so ya juu, hapo ni C, halafu ti na la za mwisho zinataka F. Wa nne, fa fa mi do re do: kwenye mi piga C, kwenye re piga G, malizia C. Uimbe kwa sauti huku unapiga. Usione haya majirani. Anayepiga bila kuimba anahesabu tu. Anayeimba anasikia kodi inapodai kubadilika kabla hajaambiwa.

Baada ya hapo utakutana na batani ya kuhamisha ki. Unaibonyeza, unaendelea kupiga C na kinanda kinatoa D. Wapigaji wengi makanisani wanaishi nayo. Sikukatazi, maana mwimbaji akianzisha pambio kwa ki ya ajabu katikati ya ibada utaihitaji. Lakini usiifanye mguu wako. Siku utakapokalishwa kwenye piano ya kawaida yenye vitufe 88, isiyo na batani yoyote, utajikuta huna kitu. Ukishaizoea C, hamia G, ambako do, fa na so zinakuwa G, C na D. D ina kitufe kimoja cheusi, F shapu, kile kilicho kulia tu ya F, na hicho tu ndicho kipya. Kisha F, ambako unakutana na B flati, cheusi kilicho kushoto tu ya B. Solfa haibadiliki, ni mahali pa do tu panapohama, na masikio yako yanalijua hilo tangu utotoni.

Pedali ya kukanyaga kwa mguu usiinunue bado. Kiti kiwe cha kimo kinachofanya viwiko vyako vilingane na vitufe. Ukikaa chini mno viganja vitauma, nawe utadhani ni uzee.

Sasa nitumie kitu. Chagua pambio moja unalolipenda, liimbe bila kinanda, ujirekodi kwa simu kuanzia mwanzo hadi mwisho, unitumie leo au kesho. Nitatafuta ki inayokaa vizuri kwenye sauti yako, nitakuandikia kodi juu ya maneno, na Jumapili baada ya ibada tutapigiana simu ya video uweke simu mahali nione mikono yako, siyo uso.

Mama yako akupendaye.