"Hudhibiti" au "huchochea"?

Swali: Natafsiri somo la wadudu kwa wanafunzi wa sayansi. Nimeandika, "Nyuropeptidi za ubongo hudhibiti homoni za mdudu." (Nyuropeptidi ni vijiprotini ambavyo seli za neva huvitoa kupeleka ujumbe.) Mwenzangu kasoma akaelewa kwamba homoni zinazuiwa zisitoke. Nani kakosea?

Jibu: Kitenzi ndicho kilichowaponza. Neno "dhibiti" limetujia kutoka Kiarabu na maana ya kushika barabara, na hadi leo twalitumia zaidi kwa jambo tusilotaka lituzidi nguvu: twadhibiti magendo, moto, kipindupindu. Mwenzako alipokuta homoni zimedhibitiwa, aliziona zimefungwa kamba. Ana haki.

Mtazame kiwavi wa nondo wa hariri. Wakati wa kujivua ngozi ukikaribia, seli chache za ubongo wake huachilia nyuropeptidi kwenye damu. Ikifika kwenye tezi za kifuani, tezi hizo huzidisha kutengeneza ekidisoni, homoni inayoanzisha kazi ya kuivua ngozi kuukuu. Hapo kitenzi ni "kuchochea", nami silioni la kulishinda. Wapo wanaolikwepa kwa kuwa "uchochezi" umeshatiwa doa na siasa. Wasilikwepe! Anayechochea jiko haleti moto mwingine. Husukuma kuni ndani, na moto uliokuwapo ukapanda. Tezi nayo ina malighafi yake, kolesteroli inayotokana na chakula, na ndiyo inayogeuzwa kuwa ekidisoni. Mwaka 1917 Stefan Kopeć wa Poland alionyesha kuwa kiwavi akiondolewa ubongo mapema, hageuki pupa. Kuni zipo, wa kuzichochea hayupo.

Kwa mende utahitaji kitenzi kingine. Ubongo wake hutoa alatostatini, nyuropeptidi zinazopunguza utengenezaji wa homoni ya uchanga. Hapo andika "huzuia" au "hupunguza" bila wasiwasi.

Ukitaka neno moja la kubeba pande zote mbili, chagua "kuongoza", maana anayeongoza chombo hukiendesha na hukisimamisha pia. Tena kinachoongozwa ni utoaji, si homoni zenyewe. Kwa hiyo: "Nyuropeptidi za ubongo huongoza utoaji wa homoni za mdudu, baadhi huuchochea, nyingine huuzuia."

Nyongeza kidogo: nyuropeptidi inayosafiri kwa damu hadi kwenye tezi ni homoni nayo. Ukilazimika kuzitenganisha, andika "homoni ya ubongo" na "homoni ya tezi", mwanafunzi ajue kila moja imetoka wapi.