Wamepata maswali sawa, alama zimepishana: mtihani wa kompyuta unapimaje?

Mkuu, umesema binti yako na rafiki yake, wote kidato cha sita hapa Kigoma, wamefanya jaribio la SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwenye kompyuta, wakapata idadi ileile ya maswali ya hisabati, lakini rafiki kamzidi alama kwa mbali. Unahisi mashine inapendelea. Mimi nafundisha hisabati sekondari huku Ujiji na huwa nawaandaa vijana wanaoomba vyuo vya Marekani, kwa hiyo hili nimeulizwa sana.

Sisi tumezoea mtindo wa NECTA, baraza letu la mitihani: karatasi moja kwa wote, kidato cha nne ukifikisha 75 una A yako, habari imeisha. SAT ya kompyuta, iliyoanza nje ya Marekani 2023 na kwao wenyewe 2024, haiendi hivyo. Hisabati ina sehemu mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Ya kwanza ina mchanganyiko wa rahisi na magumu. Ukiifanya vizuri, ya pili inakuja ngumu zaidi. Ukiyumba, inakuja nyepesi. Ni kama watoto wanaoruka kamba: wote wameruka mara nne, ila mmoja kamba ilikuwa magotini, mwenzake kifuani. Huwezi kusema wamelingana. Na aliyepelekwa kwenye nyepesi, hata akipata yote ya sehemu ile, kileleni hafiki.

Ndiyo maana mtihani umekuwa mfupi. Ule wa karatasi, hisabati na Kiingereza pamoja, ulikuwa na maswali 154 kwa saa tatu; huu una 98 kwa saa mbili na dakika 14. Na hata katika hayo 98, kila sehemu ina mawili yasiyohesabiwa, yamewekwa ili yenyewe yapimwe ugumu. Mtahiniwa hajui ni yapi.

Kwa hiyo kwenye upendeleo sikubaliani nawe. Ninapolalamika mimi ni kwingine: kidole na kioo.

Kuna binti nilikuwa nimesimama nyuma yake kwenye maabara ya kompyuta. Jibu la swali lilikuwa tatu na nusu. Kwenye karatasi ya rafu hesabu safi, mstari kwa mstari, jibu kalipigia mistari miwili. Akageukia kibodi, akabonyeza 3, kisha 1/2. Kwenye kisanduku ikasomeka 31/2, yaani thelathini na moja gawanya kwa mbili. Kakosa. Maelekezo yanasema uandike 7/2 au 3.5, lakini nani asome maelekezo saa inakimbia? Sasa alama ile imepima nini, hesabu za sehemu au kuchapa? Watoto wetu darasa la saba wamefundishwa kusiliba kwa penseli. Mausi wengine wanaishika kwa mara ya kwanza kidato cha tano. Si mambo ya Kigoma tu. PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ilipohamia kwenye kompyuta 2015, wataalamu wake ilibidi wachunguze kama tofauti ya alama inatoka kwa wanafunzi au kwa chombo.

Programu ya kufanyia SAT, Bluebook, ni ya bure na ina majaribio kamili. Simu haifai, tafuteni laptopu au iPad. Intaneti inahitajika kuanza na kutuma majibu. Ikikatika katikati anaendelea tu. Asiache swali wazi, maana kukosea hakupunguzi alama. Kikokotoo cha grafu kimo humohumo, akizoee nyumbani.

Halafu kaa naye, mfungue kila swali alilokosa, kando mkiwa na karatasi yake ya rafu. Karatasi ikiwa sahihi na kioo kimekosa, huyo anahitaji kompyuta, si tuisheni. Vyote vikikosa, mwangalie mada gani inajirudia. Kwa wengi ninaowafundisha ni asilimia na uwiano, mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Mkishaijua, niandikie inbox nikutumie maswali.