Mkiitwa kuongea kupunguziwa mshahara, ulizeni tarehe

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana wawili, wote shopstiwadi wapya, yaani wawakilishi wa chama pale kazini, wote wanauliza swali moja: mwajiri anasema biashara imeanguka, anataka tukae tuongee mambo ya mshahara, sasa tufanyeje? Wacha niandike niliyopitia, huenda ikamfaa na mwingine.

Machi 2020 nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye hoteli moja kubwa huku Mombasa kaskazini, jina nitaliacha. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, wageni wakaisha, ukaingia ukumbi wa kulia unakuta viti vimepinduliwa juu ya meza saa sita mchana. Tarehe 30 kule Nairobi Wizara ya Leba, COTU (muungano wa vyama vya wafanyakazi) na FKE (shirikisho la waajiri) wakatia sahihi makubaliano ya pande tatu kuhusu korona. Sisi tukafurahi sana, tukaambiana basi tushalindwa.

Hapo ndipo tulipoanza kukosea. Yale makubaliano ya juu ni mwongozo, yanasema watu wakae waongee, lakini nani anakatwa ngapi na mpaka lini hayo mnaamua nyinyi na mwajiri wenu pale pale kazini, na mkienda mikono mitupu mtarudi hivyo hivyo.

Tuliitwa kantini ya wafanyakazi. HR, yaani ofisa wa mambo ya wafanyakazi, akasambaza karatasi moja, nusu mshahara kwa kila mtu "mpaka hali itakapotengemaa". Mama mmoja wa londri akanyoosha mkono akauliza, "Hii hali ni ya nani, ya hoteli au yangu? Na nani atatuambia imetengemaa?" Mimi, mwakilishi wake, nikamwambia mama tulia kwanza tusiharibu mazungumzo. Swali lile ndilo lilikuwa mazungumzo yenyewe. Mpaka leo linaniuma.

Kwa hivyo la kwanza, tarehe. Andikeni miezi mitatu, ikiisha mnakaa tena, na msipokaa mshahara unarudi wote. Wazee wetu walilijua hili, mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama walipokubaliana kwa ajili ya ukosefu wa kazi, waajiri wa binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali asilimia 15, na vyama vikakubali kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Kila upande ulitoa kitu unachoweza kukihesabu, na muda ulijulikana. Sisi tulitoa nusu ya mshahara tukapewa neno "hali".

La pili, na hili wengi hawalioni kabisa: andikeni kwamba mtu akipunguzwa kazi, malipo yake ya kuondoka yatapigiwa hesabu kwa mshahara wa zamani. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 inataka notisi ya mwezi kwa chama na kwa afisa wa leba, halafu mtu alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Sawa, lakini siku 15 za mshahara upi? Kwetu kuna wenzetu wawili walipunguzwa wakiwa kwenye nusu mshahara, wakapigiwa hesabu kwa hiyo nusu. Mtu ana miaka kumi na kitu pale. Nilitazama ile karatasi yake nikakosa la kumwambia.

Halafu msitulizwe na habari za kodi. Ilipofika Aprili 2020 serikali ikaondoa PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, meneja akatuambia mnaona, serikali nayo imewafikiria, hamtaumia. Lakini mtu wa 24,000 aliyeshushwa hadi 12,000 tayari hakuwa na PAYE ya kulipa, kwa hivyo amesamehewa nini?

Likizo bila malipo nayo isiwe amri. Hakuna kifungu kinachompa mwajiri ruhusa ya kukupeleka nyumbani bila pesa kwa kupenda kwake tu, na akibadilisha masharti ya kazi yako sheria inamtaka ashauriane nawe na akujulishe kwa maandishi. Usitie sahihi siku ile ile. Sema naipeleka kwa chama, hata kama HR amesimama na kalamu mkononi, na ukishatia sahihi usitoke bila kopi.

Ombeni pia hesabu. Mwajiri akisema hana pesa aonyeshe, na kama wakubwa nao wamekatwa iandikwe wamekatwa ngapi. Wapo waajiri walioumia kweli na mimi siwezi kudai hoteli tupu ilipe kama Desemba, lakini nitajuaje kama sijaona?

Yule mama wa londri kila karatasi aliiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga: memo, barua, karatasi za mshahara, zote. Tulipokwenda kwa afisa wa leba mwaka uliofuata, mimi mwakilishi nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na mkebe. Tulimwaga zile karatasi mezani tukazipanga mwezi kwa mwezi, na ni kwa hizo mwajiri alikubali kulipa pengo la miezi minne kwa awamu.