Namna ya Kusikiliza Rekodi za Piano Unapoanza Kujifunza

Katika miaka yangu ya kwanza ya kujifunza piano nilikuwa na rekodi moja tu ya waltzi za Chopin, nikaisikiliza hadi nikaikariri. Siku moja mwalimu alinisimamisha katikati ya kupiga na kuniuliza kwa nini napunguza mwendo mahali pale, nami nikakosa jibu, kwa kuwa karatasi ya noti haikuwa na alama yoyote ya kupunguza. Uamuzi wa mpigaji mwingine nilikuwa nimeuchukua kama agizo la mtunzi. Kwa hiyo nakushauri usisikilize rekodi ya utungo wowote kabla hujazisoma noti zake mwenyewe, penseli ikiwa mkononi, hata kama kwa mwendo wa taratibu mno.

Ukishafika hapo, sikiliza rekodi mbili za utungo uleule. Mfano ninaoupenda ni Goldberg Variations ya Bach, mfululizo wa vipande vifupi, ambao mpiga piano Glenn Gould aliurekodi mwaka 1955 na tena mwaka 1981. Usilinganishe urefu wa rekodi nzima, maana katika ile ya pili alirudia baadhi ya sehemu ambazo awali hakuzirudia. Chukua Aria, yaani kipande cha mwanzo, peke yake: ya 1955 haifiki dakika 2, ilhali ya 1981 inapita dakika 3, na noti ni zilezile, mpigaji ni yuleyule. Katika rekodi ya pili Gould alitaka mapigo ya kila kipande yahusiane na ya kinachofuata, na nia hiyo inasikika tangu noti za kwanza. Isikilize mara kadhaa ukiifuata sauti nzito ya chini (besi) tu.

Baadaye msikilize Artur Schnabel, mpiga piano wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za Beethoven, kazi aliyoifanya London kati ya 1932 na 1935. Katika sehemu ya kwanza ya sonata yenye namba opus 106 anaukimbilia mwendo wa metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) alioandika Beethoven mwenyewe, noti nusu 138 kwa dakika, na noti kadhaa zinampotea njiani. Upande mmoja wa sahani za santuri za wakati ule ulibeba takribani dakika 4, na kosa halikuweza kukatwa na kuzibwa. Rekodi nyingi za sasa huunganishwa kutokana na majaribio kadhaa, jambo ambalo Gould alilitetea waziwazi, kwa hiyo si haki kuupima upigaji wako wa mara moja kwa usafi wa rekodi hizo. Nimewaona wanafunzi wenye vipaji wakikata tamaa kwa kujipima hivyo, na inaniuma.

Ukimaliza kusikiliza, usikimbilie piano. Ngoja hadi kesho yake. Ndipo uvipige vipimo vinane (bar) vya utungo huo kwa namna mbili tofauti, ujirekodi kwa simu, na unapojisikiliza uanzie mkono wa kushoto, maana mara nyingi mwendo huyumbia huko kwanza.