Mkeka Umekubaliwa Maonyeshoni, Jina la Mama Niliweke Wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimesuka mkeka wa ukindu, mita 2 kwa 1.4, mweupe wenye zambarau na nyekundu. Nilipeleka picha kwa waandalizi wa maonyesho ya sanaa Dar es Salaam, na wiki iliyopita wamenijibu kuwa umekubaliwa, utatundikwa ukutani. Nimefurahi mpaka usingizi umenipaa. Sasa fomu inataka jina la kazi, malighafi, bei, na jina la msanii, mstari mmoja tu. Ukili, ule mkanda mrefu wa kuunganishia mkeka, nimesuka mimi, pima 22, lakini aliyeshona ni mama, maana shazia, sindano ya kushonea mikeka, bado linanishinda. Dada yangu ananikataza nisiandike "mkeka", niandike "sanaa ya nyuzi", nisije nikadharauliwa. Na kutundika kwenyewe sijui kunafanywaje bila mkeka kuchanika.
Msukaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pima 22 za ukili ni mgongo wa mtu, nazijua.

Nianze na jina, maana hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 2009 mkeka wangu ulitundikwa katika ukumbi mmoja ambao sitautaja. Niliusuka miezi minne, chane, yaani vipande vya jani la ukindu, nimezichana kwa ukucha nyembamba kabisa, kidole gumba kikapasuka. Siku ya ufunguzi nikavaa kanga mpya, nikaenda kuuona. Chini yake kulikuwa na kibao: "Mkeka wa asili, pwani ya Afrika Mashariki." Jina la aliyeuazima lilikuwepo. La aliyeusuka halikuwepo. Nikasimama pale watu wakinipita, na nikarudi nyumbani bila kumwambia mtu yeyote kuwa ule mkeka ni wangu.

Kwa hiyo andika yote mawili. Jina lako, ukili. Jina la mama, kushona. Mstari ukiwa mfupi, andika mpaka pembeni mwa karatasi, kisha wapigie simu uwasomee kibao kitakavyosomeka, neno kwa neno. Pasipo mshono wa mama ungekuwa na bunda la ukili pembeni mwa kitanda, na bunda lile lisingekubaliwa popote.

Dada yako anakutakia mema, ila kwenye hili siko naye. Waandalizi wameiona picha, wamejua ni mkeka, na mkeka ndio walioutaka. Andika "Mkeka". Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland, alisuka kwa katani, nyingine ya kamba kuukuu alizozifumua, vitu vikubwa kupita kimo cha mtu, na mwaka 1965 akapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya São Paulo, Brazil. Kazi zile zikaitwa Abakan, kwa jina lake mwenyewe. Nyuzi za majani hazikumshusha hadhi. Kwenye malighafi andika "ukindu", na ukitaka mgeni aelewe ongeza jina la kitaalamu la mkindu, Phoenix reclinata. Rangi nazo zitaje: kama ni za unga za dukani ulizochemsha kwenye sufuria, sema hivyo, kwa sababu hupauka haraka kwenye mwanga. Omba mkeka usitundikwe mkabala na dirisha. Kazi za nyuzi na majani huwekwa kwenye mwanga hafifu, lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na waandalizi wanaoijua kazi yao hawatashangaa ukiwauliza.

Kutundika sasa. Usikubali misumari kwenye pembe, uzito wote utaning'inia kwenye mishono miwili na itaachia. Chukua kitambaa cha marekani, upana kama kiganja, ukishone kwa nyuma upande wa juu, kiwe kama mfuko wa kupitishia fito. Mwambie mama apitishe shazia kwenye mshono wa ukili na ukili, asitoboe chane. Kitambaa kianzie ndani kidogo ya ukingo, vidole viwili kila upande, kisionekane kwa mbele. Uzito utagawanyika mwanzo hadi mwisho.

Kusafirisha, usiukunje hata mara moja. Nenda duka la vitambaa ukaombe lile bomba la karatasi ngumu linalobaki jora likiisha. Ukindu mkavu huvunjika, kwa hiyo pitishia kitambaa chenye unyevu kidogo tu, uache dakika chache, ndipo uuzungushe kwenye bomba, uso ukiwa nje. Fika Dar, ufungue siku hiyo hiyo upate hewa, maana unyevu ukifungiwa huleta ukungu. Na piga picha pande zote mbili kabla haujatoka mikononi mwako, pembe zote nne kwa karibu.

Bei ni yako na mama. Hesabu siku zenu wote wawili, kisha uliza ukumbi unakata kiasi gani, kwani kumbi nyingi huchukua asilimia 30 hadi 50. Kama hamtaki kuuachia, andika "hauuzwi" na wala msione haya.

Ubakize pima moja ya ukili wa rangi zile zile, uupeleke pamoja na mkeka, ukichanika wapate cha kuunganishia. Na kabla hujairudisha fomu, waulize kama nauli ya boti wanalipia watu wawili.