Darubini ya bunduki: namba kubwa isikuvutie

Ndugu, umeuliza kati ya darubini ya 4-16x44 (inakuza mara 4 hadi 16, lenzi ya mbele milimita 44) na 6-24x50 ipi imfae mwindaji mwenye leseni kule Tabora, anayelenga hadi mita 300. Chukua 4-16x44. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 50 kwa 24 ni duara la mwanga la milimita 2 tu linalofika jichoni, ilhali giza likianza kuingia mboni hufunguka hadi 5 au zaidi. Mchana wa jua kali nao, joto la ardhini huichezesha picha ukikuza sana. Na ndani ya miombo, ukianzia 6 unaona eneo dogo mno. Mnyama akihama mti mmoja umeshampoteza.

Hela iende kwenye vifundo vya kurekebishia shabaha. Vipime: kwa mita 100 piga risasi tatu, zungusha juu mibofyo 30 ya miliradiani 0.1 (kipimo cha pembe; kila mbofyo ni sentimita 1 kwa mita 100), piga tatu tena ukilenga palepale. Kundi la pili liwe sentimita 30 juu. Rudisha mibofyo 30, upige tena. Risasi zisiporudi kwenye matundu ya kwanza, darubini hiyo irudishe dukani. Ila kagua pete zinazoishika darubini kwenye bunduki kabla ya kuilaumu: skrubu zikilegea risasi hutawanyika vilevile, na zikikazwa kupita nyutoni-mita 2 hivi huminya bomba.