Mfuko wangu wa karatasi ulikataliwa, kopo la plastiki likashinda. Majaji wanaangalia nini?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Ninabangua na kukaanga korosho hapa Masasi. Mwaka jana niliingia shindano la vifungashio na mfuko wangu wa kaki wa nusu kilo: unasimama wenyewe, una zipu na kidirisha cha kuonyesha korosho, na umeandikwa "Unaoza kwa 100%", kama alivyonihakikishia muuzaji wa Kariakoo. Plastiki niliikwepa makusudi kwa sababu ya lile katazo la 2019. Nikatolewa raundi ya kwanza. Majaji waliandika tu: "Dai halina uthibitisho." Aliyeshinda kundi letu alileta kopo la plastiki, eti kwa kuwa kopo, kifuniko na lebo ni plastiki ya aina moja! Hivi wakisema ubunifu na uendelevu wanatafuta nini? Nataka kurudi mwaka huu. Na mifuko elfu tatu iliyobaki stoo niifanyeje?

JIBU

Marahaba dada, na pole. Majaji tuna tabia hiyo mbaya: tunabishana nusu saa juu ya kifungashio kimoja, halafu mwenyewe tunamwandikia maneno matatu. Sikuwa kwenye meza hiyo, ila nimekaa kwenye nyingine za namna hiyo, na nadhani najua kilichotokea.

Fanya hivi leo. Chukua mfuko mmoja mtupu, ukate vipande viwili, uloweke kwenye ndoo ya maji mpaka kesho. Asubuhi karatasi itakuwa imelegea. Isugue kwa kidole gumba itoke. Kitakachobaki mkononi ni ngozi nyembamba, pengine inayong'aa kama fedha, ambayo ukiivuta inarefuka badala ya kuchanika. Hiyo ni plastiki. Wala haikuwekwa humo kwa hila. Karatasi tupu haishiki sili, yaani ule mshono wa kubanwa kwa joto, kwenye mashine yako, na haizuii unyevu, kwa hiyo ndani hubandikwa tabaka la poliethilini linaloyeyuka sili inapobanwa, na mara nyingi kati yake na karatasi kuna filamu ya poliesta. Muuzaji alikuambia habari za tabaka la nje tu.

Mezani kwa majaji ndoo haihitajiki. Kitu cha kwanza kinachofanyika ni kuchana. Mimi huanzia kwenye kona ya chini, pale sili ilipoishia, nikivuta taratibu mpaka tabaka ziachane. Jirani yangu naye anakuwa ameshika fomu, anasoma kwa sauti: "Unaoza kwa 100%." Baada ya hapo sidhani kama kuna mtu alikuwa na hamu ya kusoma ukurasa wa pili.

Hata kama plastiki ile ingekuwa ya mimea, ile itokanayo na mahindi, tungekuuliza inaoza wapi. Kipimo kinachotumiwa Ulaya, EN 13432, kinadai 90% ya kifungashio iwe imegeuka hewa ya kaboni ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 kisizidi sehemu moja ya kumi kinachobaki juu ya chekeche la milimita 2. Hayo hutokea kwenye mitambo ya mboji, kwenye joto la nyuzi 58 hivi, wiki hadi wiki. Shimo la taka nyuma ya nyumba haliwezi. Anayeandika "unaoza" aandike pia ni wapi, kwa muda gani, na nani alipima. Na ukiuziwa plastiki iliyotiwa dawa ya kuifanya ipukutike yenyewe, kimbia. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku sokoni tangu Julai 2021, kwa sababu inasambaratika kuwa chembe zinazobaki ardhini.

Kuhusu katazo, ulijiogopesha bure. Kanuni zilizoanza tarehe 1 Juni 2019 zililenga mifuko ya kubebea, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa, vya dawa na vya bidhaa za viwandani viliachwa nje. Hukuwa na sababu ya kuificha plastiki nyuma ya kaki.

Sasa tuje kwenye kopo lililokuudhi. Kiwandani plastiki zilizookotwa husagwa kuwa chenga, kisha humwagwa kwenye birika la maji. PET, yaani ya chupa za maji ya kunywa, ina uzito wa gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo inazama. Polipropilini ina 0.90 na poliethilini ngumu kama 0.95, kwa hiyo zinaelea. Kopo ambalo mwili, kifuniko na lebo vyote ni polipropilini linaelea lote; mtu anakomba juu, anakausha, anauza. Lakini chukua chupa ya PET uivalishe lebo ya PVC, plastiki ya jamii ya mabomba ya maji. Zote mbili zinazama pamoja, na PVC inaungua kwenye joto la kuyeyushia PET, kiasi kwamba kidogo tu kinaharibu mzigo mzima. Ndiyo maana swali la lebo, ambalo wasindikaji wengi huliona dogo, majaji hulirudia sana. Mfuko wako ukiingia birika hilo, karatasi inageuka rojo, poliesta (ambayo nayo ni PET) inataka kuzama, poliethilini inataka kuelea, na gundi imezifunga pingu. Lakini haufiki huko. Waokota chupa wanajua bei ya kopo kwenye mizani. Mfuko wa kaki hakuna anayeuinamia.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ulikuwa nalo na hukulisema. Nina mfuko kama wako hapa mezani, nimeupima: gramu 16. Kopo la kubeba nusu kilo hiyohiyo, pamoja na kifuniko, gramu 38. Tena mifuko mitupu inasafiri ikiwa imelala bapa, elfu tatu unaibeba kwenye boksi chache, wakati makopo matupu yanajaza lori hewa. Hapa ndipo mezani tunagawanyika. Wapo wanaosema kifungashio chepesi kinachoishia jalalani bado ni taka. Wengine, na mimi mara nyingi nakaa upande huu, tunauliza bidhaa inauzwa wapi. Penye soko la plastiki chakavu, kopo linashinda. Kwenye miji midogo ambako hakuna anayekusanya, kopo na mfuko vyote vinaenda kuchomwa au kufukiwa, na hapo nusu ya uzito ni hoja nzito kabisa. Ungeandika hesabu hiyo, gramu za kifungashio kwa kila kilo ya korosho, ukaiweka kando ya kifungashio ulichotumia zamani, tungekaa na mfuko wako muda mrefu. Wewe ukatetea upande wake dhaifu.

Neno ubunifu nalo linawachanganya watu. Hatutafuti maajabu. Tunauliza: kimebadilika nini ukilinganisha na kilichokuwepo, na kimemsaidia nani? Mfano ninaoupenda ni kijiringi cha kopo la soda. Ermal Fraze wa Ohio, Marekani, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kopo la kufungua kwa kuvuta mwaka 1963, na vijiringi vilivyong'olewa vikazagaa kila mahali, watu wakijikata nyayo ufukweni. Mwaka 1975 Daniel Cudzik wa kampuni ya Reynolds akaleta kile kinachosukuma mdomo ndani na kubaki kimeshikamana na kopo. Ukikiangalia utasema ni kitu kidogo. Kimeondoa taka bila kumwomba mnywaji abadili tabia, na hadi leo hatujaachana nacho.

Kwa hiyo angalia kidirisha chako. Najua wateja wanakipenda. Lakini karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na mafuta yakipata oksijeni na mwanga yanavunda. Unyevu wa pwani nao unamaliza ule ukavu wa korosho unaolia mdomoni. Kama tabaka la ndani la mfuko limepakwa alumini, pale kwenye kidirisha haipo. Ulinzi wa mfuko mzima unashuka mpaka kiwango cha kidirisha. Majaji wazoefu huanzia hapo kabla hata ya kugusa habari za mazingira, kwa kuwa korosho ikiharibika imepotea pamoja na kazi ya shambani, kuni za kukaangia na mikono iliyobangua, na gramu 16 za kifungashio hazifiki popote karibu na hasara hiyo. Ningekuwa wewe, kidirisha ningekitoa, nikachapa picha nzuri.

Uthibitisho si lazima utoke maabara ya gharama. Pakia mifuko kumi, iandike namba, ipime kwa mizani ya gramu kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Ikiongezeka uzito inanywa unyevu. Mitano ikae kabatini, mitano kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua. Zamisha mingine kwenye beseni na ubane: povu likitoka kwenye sili umepata ugonjwa. Tuma katoni kwa basi mpaka Dar na irudi, uhesabu iliyopasuka. Daftari lenye tarehe na namba hizo, hata kama lina madoa ya mafuta, lina nguvu kuliko nembo ya jani la kijani uliyoiokota mtandaoni. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, pia wanasaidia wasindikaji wadogo mambo ya vifungashio. Usione haya kwenda kuuliza.

Ukitaka kubadili kabisa, ulizia mifuko ya plastiki ya aina moja tu, poliethilini tupu, yenye kizuizi chembamba cha oksijeni kisichozidi sehemu ndogo ya uzito, na lebo nayo iwe ya poliethilini. Shida ni kiasi cha chini cha kuagiza ikiwa imechapwa. Nunua isiyochapwa, ubandike lebo. Usisubiri mpaka uwe mkubwa.

Na kama ndoto yako ni ya mbali, jua kwamba tuzo za WorldStar za Shirika la Ufungashaji Duniani, lililoanzishwa Tokyo mwaka 1968, hupokea kifungashio kilichokwisha kushinda nyumbani au kwenye ukanda wake. Kwa hiyo anza na shindano la hapa nyumbani: peleka sampuli tatu zilizofungwa na mbili tupu. Tutazichana zote.

Ile mifuko elfu tatu itumie. Kuitupa ili uonekane msafi itakuwa taka ya elfu tatu ambayo haijabeba hata korosho moja. Chapa stika ndogo ya tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, uibandike juu ya "Unaoza kwa 100%". Na korosho za mifuko hiyo ziuze karibu karibu, zisikae rafuni.